Kichwa cha Gitaa na Ugomvi wa Nyuzi Sita

Tafuta picha ya gitaa la umeme, la zamani ikiwezekana, kisha uzibe mwili wake wote kwa kiganja. Kiache kichwa tu: kile kipande cha mbao kilicho mwisho wa shingo, chenye funguo za kukazia nyuzi. Mwite mpiga gitaa aliyebobea, mwulize ni gitaa la nani. Hatahangaika. Akiona funguo tatu kushoto na tatu kulia, na ukingo wa juu umechongwa kwa umbo la kitabu kilichofunguliwa, atasema Gibson. Akiziona zote sita zimepanga foleni upande mmoja, atasema Fender. Akiona umbo la chupa ya Coca-Cola atatabasamu, maana hiyo ni Danelectro, gitaa la bei nafuu lililotengenezwa New Jersey na kuuzwa na maduka ya Sears kwa jina la Silvertone, kwa watoto ambao wazazi wao hawakuwa na ubavu wa kununua Gibson.

Watu wamepelekana mahakamani kwa ajili ya umbo hilo. Mwaka 1977 kampuni ya Norlin, iliyokuwa ikimiliki Gibson, ilifungua kesi Philadelphia dhidi ya wasambazaji wa Ibanez, magitaa ya Kijapani yaliyokuwa yakiiga miundo ya Wamarekani. Malalamiko hayakuhusu mwili wala sauti. Yalihusu kichwa. Mwaka uliofuata walielewana nje ya mahakama, na Ibanez wakaendelea na vichwa vya mchoro mwingine.

Lakini wanangu, msidhani kichwa kilichongwa ili kipendeze tu. Ndani yake kuna ugomvi wa zamani, na kila fundi nitakayemtaja hapa alijaribu kuusuluhisha kwa njia yake. Hakuna aliyeshinda kabisa.

Ili muuelewe ugomvi wenyewe, kwanza tuangalie kazi ya kichwa. Gitaa la umeme lina nyuzi sita za chuma. Zikishakazwa zikatoa sauti zinazotakiwa, kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 40 na zaidi. Si mbali sana na uzito wa mfuko wa saruji unaoning'inia mchana na usiku, hata gitaa likiwa limelala kwenye kasha lake. Mzigo huo wote unashikiliwa na funguo sita ambazo mtoto wa miaka saba anaweza kuzizungusha kwa vidole viwili.

Inawezekanaje? Fungua kifuniko cha ufunguo mmoja uone. Kile kitufe unachokizungusha kimeungana na kijiti cha chuma kilichochongwa mzunguko, mfano wa skrubu. Skrubu hiyo inauma meno ya gia ndogo, na juu ya gia hiyo kumesimama kinguzo ambacho uzi umejiviringisha. Kwenye funguo za Kluson, zilizotengenezwa Chicago na kufungwa kwenye magitaa mengi ya miaka ya 1950, unazungusha kitufe mara 15 ndipo kinguzo kizunguke mara moja. Ndiyo maana unaweza kupandisha sauti kidogo kidogo, unyoya kwa unyoya. Na kuna jambo la pili, ambalo mimi huliona tamu zaidi: skrubu inaweza kuizungusha gia, lakini gia haiwezi kuizungusha skrubu. Uzi ukivuta, unavuta gia, na gia inakwama palepale. Hakuna kufuli wala komeo. Mpiga fidla hana raha hiyo. Vigingi vyake ni vya mbao tupu vilivyokazwa kwenye tundu, na siku ya joto au ya baridi kali vinaweza kuteleza vyenyewe katikati ya wimbo.

Sasa shuka kidogo kutoka kwenye funguo. Mahali kichwa kinapokutana na shingo utaona kipande chembamba cha mfupa au cha plastiki, kimelazwa kukingama, na juu yake pana mikato sita. Tukiite kizingiti, kwa kuwa kila uzi lazima ukivuke ndipo uingie kwenye shingo. Ugomvi wetu unakaa hapa. Kizingiti kinataka mambo mawili kwa wakati mmoja. Kinataka uzi ukandamizwe vizuri ndani ya mkato wake, usirukeruke wala kuzomea unapopigwa. Kinataka pia uzi huohuo uteleze bila kikwazo, ili ukiukaza au kuuvuta kwa kidole urudi pale ulipokuwa. Ukandamize mno, hautelezi. Uuache uteleze, haukandamiziki. Magitaa mengi yaliyowahi kukuvutia kwenye picha ni majibu tofauti ya fumbo hilo moja.

Twende Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, nyumbani kwa kampuni ya Gibson iliyoanzishwa mwaka 1902. Mafundi wa pale walikuwa watu wa mandolini na magitaa ya mbao, na walikuja na ujuzi wao wote wakati wa kutengeneza gitaa la umeme la Les Paul, lililotoka mwaka 1952. Jibu lao lilikuwa la kizamani na la uhakika: kilaze kichwa nyuma. Ukilitazama Les Paul kwa ubavu utaona kwamba kichwa hakiko sawa na shingo. Kimeinama kwenda nyuma kwa nyuzi 17 za pembe. Uzi ukivuka kizingiti hushuka kwa mteremko mkali kuelekea kwenye kinguzo chake, na mteremko huo huukandamiza barabara. Nusu ya ugomvi imekwisha.

Nusu ya pili ndiyo iliyobaki, na imewachosha wapiga gitaa hadi leo. Funguo zikiwa tatu kila upande, nyuzi zikivuka kizingiti hutawanyika kwenda pembeni. Zile za nje hazina shida sana. Za katikati, uzi wa D na uzi wa G, husafiri hadi kwenye funguo za mbali kabisa, na kwenda huko hujipinda kushoto na kulia. Kwa hiyo ndani ya mkato uzi una kona mbili: moja ya kushuka, nyingine ya kwenda pembeni. Mpiga solo akiuvuta uzi wa G ili sauti ilie, kisha akauachia, mara nyingi haurudi kikamilifu. Ukitega sikio wakati wa kuukaza utasikia mlio mdogo kwenye kizingiti, *tik*, na ghafla sauti inaruka kupita pale ulipotaka. Ufunguo hauna kosa. Uzi ulikwama, nguvu ikajikusanya nyuma yake, kisha ukafyatuka. Dawa ya mafundi wengi ni penseli: wanasugua risasi yake ndani ya mkato, uzi ukapata kilainishi. Inasaidia.

Kichwa kilicholala kina gharama nyingine, na hii ni ya machozi. Shingo ya Les Paul huchongwa kutoka kwenye mahogani, na nyuzinyuzi za mbao hiyo zinakwenda sawa na urefu wa shingo. Kichwa kikipinda nyuma, nyuzinyuzi hazipindi nacho. Zinakatika njiani na kutokea upande wa nyuma, kwa hiyo pale kwenye shingo nyembamba kabisa mbao imeshikiliwa na nyuzinyuzi fupi. Halafu hapohapo Gibson wamechimba shimo. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayopambana na mvuto wa nyuzi. Fundi wao Thaddeus McHugh ndiye aliyepewa hataza ya wazo hilo mwaka 1923, na ni wazo zuri mno. Ila ili fimbo iweze kurekebishwa, lazima nati yake ifikike, na nati iko chini ya kile kifuniko kidogo chenye umbo la kengele ambacho huwa mnakiona kwenye picha. Chini ya kengele hakuna mbao. Kuna uwazi.

Basi gitaa likiegemezwa ukutani na mtu akaupitia waya kwa mguu, linaanguka chali. Mwili haujagusa sakafu bado, kichwa kilichochomoza nyuma kimeshafika. Kinavunjika. Katika magitaa ya zamani ya Gibson, kichwa kilichounganishwa kwa gundi ni jambo la kawaida kiasi kwamba wauzaji waaminifu hutaja hilo mapema kabla hujauliza bei. Gundi nzuri hushika sawasawa na gitaa likaendelea kuimba miaka mingi, ila thamani yake sokoni huporomoka.

Kampuni ililiona hilo. Katikati ya miaka ya 1960 pembe ilipunguzwa kutoka nyuzi 17 hadi 14, na kuelekea mwaka 1970 ikaongezwa nundu ya mbao nyuma ya shingo, mahali palepale panapovunjika. Kwa akili ya seremala hiyo ilikuwa hatua ya busara. Wanunuzi hawakuipenda. Walitaka gitaa lile la zamani, lenye udhaifu wake na yote, na hatimaye nundu ikaondolewa, pembe ikarudi 17. Sijui niwaeleze vipi mambo ya wapenzi wa magitaa.

Sasa tugeuze njia. Kuna jibu jingine, na watu wengi wanaamini lilizaliwa California katika miaka ya 1950. Ni kubwa kwa umri kuliko hapo, tena sana.

Mjini Vienna, mwanzoni mwa karne ya 19, aliishi fundi wa magitaa aliyeitwa Johann Georg Stauffer. Magitaa yake yalikuwa ya mbao, bila shaka. Umeme ulikuwa bado haujaingia hata kwenye taa. Lakini vichwa vyake vilijikunja kwa umaridadi kwenye ncha, na funguo zote sita zilikaa upande mmoja. Stauffer alipenda ufundi wa vyuma. Baadhi ya magitaa yake yaliweza kuinuliwa au kushushwa shingo kwa kutumia ufunguo wa kujazia saa. Kijana mmoja kutoka Markneukirchen, Christian Frederick Martin, alikwenda kujifunza kwake. Kijana huyo alipohamia New York mwaka 1833 alibeba vichwa vya Stauffer kichwani mwake, na magitaa yake ya mwanzo kule Marekani yalikuwa na funguo sita kwa mstari mmoja. Baadaye kidogo Martin aliuacha mtindo huo akarudia tatu kwa tatu, na kampuni yake, iliyohamia Nazareth katika jimbo la Pennsylvania, ingali huko inatengeneza magitaa. Mstari wa funguo sita ukalala usingizi Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja.

Aliyeuamsha hakuwa fundi. Alikuwa mwanamuziki aliyechoshwa na jambo dogo. Merle Travis, mzaliwa wa Kentucky, alikuwa akipiga gitaa na kuimba redioni California. Kila alipotaka kutyuni katikati ya onyesho ilimlazimu kupeleka mkono chini ya kichwa cha gitaa kutafuta zile funguo tatu za upande wa pili, ambazo hazioni. Akajiuliza kwa nini zote zisikae juu, mbele ya macho. Akachora gitaa kwenye karatasi na kumpelekea rafiki yake Paul Bigsby.

Bigsby alikuwa mtu wa pikipiki. Alikuwa mkimbiza pikipiki na fundi wa kuchonga kalibu za kumiminia vyuma, mikono isiyojua kazi ya kubahatisha. Mwaka 1948 alilikamilisha gitaa la Travis kwa mbao za mepo, mti mgumu wa nchi za baridi, zile zenye madoa yanayofanana na macho ya ndege. Kichwa chake kilijikunja upande mmoja na funguo sita zilipangwa kwenye ukingo wa juu. Gitaa hilo lipo hadi leo Nashville, katika jumba la makumbusho la muziki wa kantri. Mkiliona bila kuambiwa chochote mtasema ni Fender. Si Fender. Fender ilikuwa bado haijatoa gitaa la namna hiyo.

Hapo ndipo anapoingia Leo Fender, na mimi namwona kuwa mtu wa ajabu kuliko wote katika kisa hiki, kwa sababu hakujua kupiga gitaa. Alizaliwa mwaka 1909, na kufikia mwaka 1938 alikuwa na duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California. Watu walimletea redio mbovu, kisha amplifaya mbovu, kisha magitaa mabovu. Akazoea kukitazama kila kitu kwa jicho la mtu atakayeletewa kitu hicho kikiharibika. Gitaa lake la kwanza la majaribio, la mwaka 1949, lilikuwa na funguo tatu kila upande. Mwaka uliofuata aliingiza sokoni Esquire na Broadcaster, na Broadcaster likabadilishwa jina mwaka 1951 na kuitwa Telecaster. Magitaa hayo yalikuwa na funguo sita kwenye mstari mmoja.

Alilipata wapi wazo hilo? Travis alisimulia kwamba Leo aliliazima gitaa la Bigsby, akakaa nalo kidogo, akarudi na lake. Leo mwenyewe alisema wazo lilitokana na ala za nyuzi za Wakroatia alizowahi kuziona. Mashabiki wamegombana juu ya hilo miaka mingi. Mimi nasema hivi: kitazameni kichwa cha Stratocaster, gitaa lingine la Fender, la mwaka 1954, kando ya kile cha gitaa la Travis, halafu mwamue. Hata hivyo Leo huenda hakuwa anadanganya. Kroatia ya wakati wa Stauffer ilikuwa chini ya milki ileile ambayo mji wake mkuu ulikuwa Vienna. Inawezekana kabisa kwamba mtindo mmoja ulizunguka dunia kwa njia mbili, moja kwa meli ya Martin, nyingine mikononi mwa wahamiaji wa Kikroatia, zikaja kukutana California.

Asili yake iwe yoyote, alichokifanya Leo na wazo lile hakuna aliyemwazimisha. Hakukilaza kichwa nyuma hata kidogo. Alichukua ubao bapa wa mepo, unene wake kama inchi moja, akachonga shingo na kichwa kwa pamoja kutoka humo, kisha akakipunguza kichwa unene ili kikae chini kidogo ya uso wa shingo. Hakuna pembe, hakuna gogo nene la kupoteza, hakuna nyuzinyuzi zilizokatwa njiani. Shingo ikafungwa kwenye mwili kwa skrubu nne badala ya gundi. Ikiharibika, unafungua skrubu nne na kufunga nyingine. Huyo ni fundi redio anazungumza.

Sasa tazama nyuzi. Kwa kuwa funguo ziko kwenye mstari mmoja ulioinama kidogo, kila uzi unavuka kizingiti na kwenda moja kwa moja hadi kwenye kinguzo chake. Haupindi kushoto wala kulia. Ile kona ya pili iliyokuwa ikimtesa mpiga Les Paul haipo. Leo akawa ameutatua ule upande wa kuteleza.

Na upande wa kukandamiza? Hapo ndipo alipobanwa. Uzi mnene wa E ufunguo wake uko karibu, kwa hiyo unashuka kwa mteremko wa kutosha. Uzi mwembamba wa E ufunguo wake uko mwisho kabisa wa foleni, na kichwa hakijalala. Ukifika kwenye kizingiti unakuwa karibu tambarare, haukandamizi kitu, na ukiupiga unazomea. Leo akaweka kipande kidogo cha chuma cha duara, akakifunga kwa skrubu juu ya kichwa, kikawa kinazishika nyuzi mbili nyembamba na kuzivuta chini. Ni kibonyezo tu, kinachoweza kukupotea mfukoni. Lakini kila kinapogusa uzi kinaongeza mahali pa kukwama, kwa hiyo ule ugomvi alioufukuza mlangoni ukarudi kwa dirisha, ingawa mdogo zaidi.

Ukipata bahati ya kushika Fender la miaka ya 1950, ligeuze nyuma ya kichwa na uhesabu skrubu zilizoshikilia funguo. Utapata saba. Kila ufunguo unahitaji skrubu mbili, moja kila mwisho, na ungetegemea kumi na mbili. Leo alizitaka funguo za Kluson zikae zimebanana, lakini vibati vyake vilikuwa virefu mno kwa kichwa chake kidogo. Akavikata. Funguo mbili zilizo jirani zikawa zinatumia skrubu moja kati yao, foleni nzima ikafungwa kwa saba. Uhaba wa nafasi ukageuka kuwa ubahili mzuri.

Na vile vinguzo vyenyewe vina siri. Katikati ya kichwa cha kinguzo pana tundu linaloshuka wima, na juu yake pana mpasuko. Unakata uzi ukiwa umepita kinguzo chake kwa upana wa vidole vitatu au vinne, unaichomeka ncha chini tunduni, unaukunja kwenye mpasuko, kisha unaanza kuuviringisha. Ncha ya chuma inabaki imezikwa ndani. Aliyewahi kuchomwa kidole na ncha ya uzi mwembamba wa E iliyoachwa nje atajua kwa nini nimelitaja hili.

Miaka kumi na tano baada ya Esquire na Broadcaster, mwezi Januari 1965, kampuni kubwa ya utangazaji ya CBS iliinunua Fender kwa dola milioni 13. Mwishoni mwa mwaka huo kichwa cha Stratocaster kikanenepa. Kikawa kikubwa kuliko cha mwaka 1954, na wengi husema sababu ilikuwa jina la kampuni lionekane vizuri kwenye televisheni. Kwa ufundi hakuna kilichoongezeka. Ila kichwa hichohicho kikubwa ndicho kilichokuwa mikononi mwa Jimi Hendrix kwenye tamasha la Woodstock, Agosti 1969, kwa hiyo leo kuna watu wanakipenda kuliko kile kidogo.

Hendrix alitumia mkono wa kushoto, lakini alipenda magitaa ya mkono wa kulia. Alilipindua Stratocaster juu chini na kuzifunga nyuzi upya, nene juu, nyembamba chini. Kichwa nacho kikapinduka. Funguo zikawa upande wa chini, na uzi mnene wa E ukapelekwa kwenye ufunguo wa mbali kabisa, wakati ule mwembamba ukawa na safari fupi. Mtasikia watu wakisema kwamba hilo lilizifanya nyuzi zake nene zikaze zaidi. Si kweli. Sauti ya uzi huamuliwa na unene wake, mkazo wake, na urefu ulio kati ya kizingiti na daraja, kile kipande cha mwilini ambako nyuzi huishia. Kipande kilicho nyuma ya kizingiti hakiimbi. Kinachobadilika ni hisia ya kidole. Uzi wenye mkia mrefu nyuma ya kizingiti una chuma kingi cha kunyumbuka, kwa hiyo inabidi uuvute mbali zaidi ili sauti ipande kiasi kilekile. Uzi wenye mkia mfupi hujibu haraka.

Hadi sasa tumezungumzia nyuzi sita. Mafundi wa Rickenbacker, huko huko California, walijitakia makubwa zaidi: gitaa la umeme lenye nyuzi 12. Hesabu funguo 12 kwa mstari, sita kila upande, uone kichwa kitakuwa na urefu gani. Gitaa lingeinamia upande wa kichwa kila ukiachia mkono, na funguo za mwisho zingekuwa mbali kiasi cha kukufanya usimame kuzifikia. Mwaka 1963 mfanyakazi wao Dick Burke alipata ufumbuzi ambao kwangu ndio wa werevu kuliko yote katika kisa hiki. Aliweka funguo sita za kawaida, tatu kila upande, vitufe vikielekea pembeni. Kisha akachimba mifereji miwili mirefu usoni mwa kichwa, na katikati ya zile za kwanza akapachika funguo nyingine sita zilizogeuzwa, vitufe vikielekea nyuma, kama ilivyo kwenye gitaa la klasiki. Aina mbili za ujuzi, wa magitaa ya chuma na wa magitaa ya klasiki, zikapishana ndani ya kichwa kimoja, na urefu wake ukabaki karibu uleule wa gitaa la nyuzi sita.

Februari 1964 Beatles walitua New York kwa mara ya kwanza. Francis Hall, mwenye Rickenbacker, alikwenda kuwaonyesha magitaa yake hotelini. George Harrison hakuwepo. Alikuwa kitandani anaumwa koo. John Lennon alipoliona lile la nyuzi 12 alisema George lazima alione, wakampelekea mgonjwa. Harrison aliondoka Marekani na gitaa hilo, la pili kutengenezwa katika aina yake, na mlio wake ndio mnaousikia katika nyimbo za filamu ya A Hard Day's Night iliyotoka mwaka huohuo. Harrison alikisifu sana kichwa kile, kwa kuwa vitufe vya pembeni na vya nyuma vilimwonyesha mara moja ufunguo upi ni wa uzi upi. Kwenye kichwa chenye foleni ya funguo 12 mtu hukaza uzi mmoja huku akisikiliza mwingine, hadi mmoja ukatike.

Je, Gibson walikaa kimya wakimtazama Leo? La. Mwaka 1958, chini ya rais wao Ted McCarty, walitoa magitaa mawili yaliyowashtua watu: Flying V, lenye umbo la herufi V na kichwa chenye ncha ya mshale, na Explorer, ambalo kichwa chake kiliishia kuwa kirefu na kupinda kama jambia, funguo sita upande mmoja. Mbao yao iliuzwa kwa jina la kibiashara Korina. Msitafute mti huo Marekani. Ni limba, unaoota katika misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, Kongo ikiwemo. Magitaa yaliyotakiwa kufanana na roketi yalichongwa kutoka kwenye mti wa huku kwetu barani. Dukani yalidoda. Flying V za toleo hilo la kwanza hazikufika mia moja, na Explorer zilikuwa chache zaidi, ndiyo maana leo yanauzwa kwa bei ya nyumba.

Walijaribu tena mwaka 1963. Safari hii walimwita Ray Dietrich, mchoraji wa magari, akawachorea Firebird. Dietrich alizipanga funguo sita kwenye mstari, lakini alizigeuza: zikakaa upande wa chini, na uzi mnene ukaenda ufunguo wa mbali, kama ilivyokuja kuwa kwa gitaa la Hendrix. Ili vitufe visiharibu mstari wake mzuri, vilifichwa nyuma ya kichwa kwa kutumia funguo za mtindo wa banjo. Ukilitazama kwa mbele huoni kitufe hata kimoja. Linapendeza kweli.

Ila mnakumbuka ile hesabu ya 15 kwa moja? Ufunguo wa banjo una gia zilizopangwa kwa namna nyingine, na huzunguka karibu mara nne tu kwa mzunguko mmoja wa kinguzo. Kidole kikitetemeka kidogo, sauti imeruka. Tena ni mzito, unaongeza uzito mwisho wa shingo ambayo tayari ni ndefu. Mwaka 1965 Gibson waligeuza mchoro wote: Firebird mpya likawa na mwili wa upande wa pili, funguo za kawaida, na foleni ya sita upande wa juu, kama Fender. Wapenzi wa vitu vya zamani wanalitafuta lile la kwanza.

Ukilipata mkononi, au gitaa lingine lolote la umri huo, lityuni kwa kupanda. Ukiipita sauti unayoitaka usirudi nusu hatua ukaishia hapo, kwa maana meno ya gia yatabaki na nafasi kati yao, na kwenye pigo la kwanza la nguvu uzi utaijaza nafasi hiyo kwa kulegea. Shuka chini kabisa ya sauti, uvute uzi kwa kidole mara mbili ili ujitoe kwenye kizingiti, kisha panda taratibu mpaka uifikie.